Moshi Niliouita Udi

Leo sina uso, jamani. Uso wangu nimeuacha Ole, kwa watu wenye heshima zao, na sijui kama nitathubutu kuufuata.

Naandika nikiwa barazani kwangu Tibirinzi, hapa Chake. Nimeoga mara tatu. Bado nikipenga kamasi inatoka nyeusi (samahani kwa mnaokula).

Kisa chenyewe ni posa. Suleiman, mtoto wa kaka yangu Mzee Bakar, kampenda binti wa Ole anayeitwa Salama, mtoto wa Mzee Omar. Tulichokijua sisi ni kwamba binti anasoma chuo cha amali, kile cha kazi za mikono. Tukajisemea: cherahani hiyo, au mapishi. Hatukuuliza. Huo ulikuwa ujinga wa kwanza, na hata chai tulikuwa hatujanywa.

Asubuhi kaka kaja kunigongea.

"Kombo, kijana keshakataliwa mara moja kule Wambaa. Akikataliwa na leo, mamaake hatonyanyuka kitandani. Weye ndo mwenye gari. Tupeleke kwa heshima, na huo mdomo wako uufunge."

Gari ninalo, alhamdulillahi. Ni la mizigo, dogo, lenye bodi ya kufunikwa, na nyuma nimeweka benchi nililolipigilia misumari mwenyewe. Nalipenda. Fundi wake ni mimi. Bomba la moshi lilipokatika mwaka juzi nililiunga kwa kopo la maziwa ya unga na waya, kazi ya dakika kumi. Sakafu ina tundu chini ya benchi, nimeliziba kwa kipande cha jamvi. (Msinitazame hivyo. Na nyinyi mna vya kwenu.)

Shida ya gari langu ni harufu. Watu hawendi kuposa wakinuka petroli. Basi nikapata fikra, na nikajiona nina akili kuliko mji mzima. Nikachukua chetezo cha mke wangu, nikatia makaa, nikatia udi wake mzuri aliouficha kwa ajili ya Idi, nikakiweka katikati ya gari na kufunga vioo vyote, ili kanzu zetu zishike harufu njia nzima.

Mke wangu kasimama mlangoni.

"Kombo, chetezo ndani ya gari?"

"Haya mambo ya wanaume," nikamwambia.

Tukaondoka watu watatu. Mimi kwenye usukani. Pembeni yangu Shehe Hamad, msemaji wetu, mtu ambaye maneno yake yamewaoza vijana nusu ya mtaa. Kaka nyuma, kwenye benchi. Sote kanzu nyeupe, kofia za mkono, tumetakata.

"Maashallah, Kombo," Shehe kasema. "Udi huu mkali! Wa wapi?"

"Wa Omani, Shehe." (Sijui ni wa wapi. Nilijibu tu.)

Tulipoanza kupanda kilima, udi ukazidi. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unapungua. Nikastaajabu kweli: udi gani huu unaokolea kwa gia ya pili? Nikasema moyoni, hii ndiyo baraka yenyewe, safari imekubaliwa.

Na kwa vile nilikuwa na furaha, mdomo ukafunguka. Nikaanza kuwahadithia habari za Dar, maana nilikaa huko miaka minne. Nikawaambia kuna asubuhi unatazama majumba ya mbali huyaoni, yamefunikwa na ukungu wa moshi. Magari maelfu kwenye foleni, hayendi wala hayazimwi, kila moja linapumua lake. Mengine makuukuu, yanaacha wingu jeusi nyuma. Unavaa shati jeupe asubuhi, adhuhuri kola nyeusi.

"Subhanallah!" Shehe kasema. "Na watu wanaivuta hewa hiyo?"

"Wanaivuta, Shehe. Hawana habari. Wamezoea."

"Masikini!" kaka kasema kule nyuma, akakohoa.

"Ndiyo maana nikarudi Pemba," nikasema. "Huku hewa yetu safi."

(Someni tena hapo. Nilisema hivyo nikiwa ndani ya gari lile, vioo vimefungwa.)

Baada ya muda kaka kanigusa bega. "Kombo, kichwa chanigonga."

"Udi mzito huo, kaka. Vuta pumzi ndefu, utaona raha."

Wallahi nilimwambia hivyo. Ndugu yangu wa tumbo moja.

Shehe naye kalala, kofia imemwangukia machoni. Nikadhani anapitia hotuba yake.

Tukafika kwa Mzee Omar. Uani majamvi yametandazwa, karafuu zimeanikwa, nyumba nzima inanukia. Nikaegesha pembeni ya majamvi, kwenye kivuli. Sikulizima gari. Betri imechoka, nikizima haliwaki mpaka lisukumwe, na siwezi kuwasukumisha gari Shehe na kaka yangu mbele ya wakwe. Nikaliacha linguruke.

Mzee Omar katoka kutupokea. Mtu mrefu, mpole, sauti ya chini. Katutazama mmoja mmoja, tena kwa muda. Nikaona uso wake umetaka kusema kitu ukajizuia.

"Karibuni, karibuni. Salama huko mtokako? Hakuna... moto?"

"Salama tupu, Mzee Omar!" nikamjibu. Nikaona swali la ajabu, lakini kila nyumba ina maamkuzi yake.

Tukakaa barazani. Kahawa ikaja, halua ikaja. Nyuma ya pazia la mlango nikasikia wanawake wananong'ona. Nikatabasamu kuelekea pazia, kwa adabu. Wakanyamaza ghafla.

Shehe kaanza. Hamdu na sala zikenda vizuri, sauti yake ileile ya kutoa machozi. Kisha kafika kwenye jambo lenyewe, akasita. Kapangusa paji la uso. Macho yake hayakuwa na mtu ndani.

"Tumekuja," kasema, "tumekuja mbele yenu... kumposea binti yenu... Mzee Bakar."

Kaka kashtuka, kahawa ikamwagika. Mzee huyu ana wajukuu kumi na moja!

"Kijana wake! Kijana wake!" nikadakia. Nikaona posa inazama, nami nikajitosa kuiokoa. (Kaka kanikanyaga mguu. Sikujali.) "Mzee Omar, Shehe kachoka na njia. Jambo letu ni Suleiman. Na siye, kama mnavyotuona, ni watu safi. Usafi ndio jina la ukoo wetu."

Nyuma ya pazia mtu kaguna kwa nguvu, kama aliyekabwa na tende.

Halafu sauti ya kike, tulivu: "Baba, lile gari linalofukiza karafuu zetu, mbona halizimwi?"

Nikageuka. Kweli, moshi mweusi ulikuwa umelala juu ya majamvi mawili.

"Mwanangu," nikaliambia pazia, "liache tu. Injini ukiizima ghafla huumwa." (Sijui nilikoyatoa haya.)

Pazia likafunguka. Salama katoka.

Mnaijua mila. Siku ya posa binti haonekani. Wenye kukaa mbele ni wazee, yeye yuko chumba cha ndani, tena anajifanya hajui kinachozungumzwa. Huyu katoka na buibui lake, mikono ya nguo kaikunja, na mkononi spana. Spana, jamani! Kainama kwa adabu.

"Shikamoo Shehe. Shikamooni ami zangu. Niwieni radhi."

Kapita, kenda moja kwa moja kwenye gari, kalizima. Ghafla kukawa kimya. Nilisikia mpaka majani. Hapo ndipo nilipojua ni kelele kiasi gani niliyowaletea watu nyumbani kwao.

Kafungua mlango, katoa chetezo, kakitazama ndani.

"Ami, hichi nini?"

"Udi, mwanangu. Wa Omani."

"Udi umekwisha zamani. Limebaki jivu."

Kaka kasimama polepole. "Sasa moshi uliotuzonga tangu kilimani, ulikuwa wa nini?"

Salama kainua benchi langu, kavuta kile kipande cha jamvi. Sote tukasogea kutazama. Kopo langu la maziwa halipo, limeanguka njiani, na bomba limeinua mdomo wake sawasawa na lile tundu. Moshi mwingi wa gari ulikuwa ukiingia ndani kwa wageni waheshimiwa.

"Dereva ni weye, ami?"

"Ndimi," nikasema.

Hakucheka. Laiti angecheka! Katoa simu yake, kafungua kamera ya mbele, kanishikia nijione.

Masizi. Yametoka kwenye matundu mawili ya pua, yameshuka mpaka mdomoni, yamenipa masharubu nisiyokuwa nayo. Kofia imekuwa rangi ya sufuria ya kuni. Na ni kwa sura hii nilivyolitabasamia pazia. Ni kwa sura hii nilivyosema usafi ndio jina la ukoo wetu! Nikamtazama Shehe: hivyohivyo. Kaka: zaidi. Kanzu yake nyeupe mgongoni ilikuwa na picha kamili ya benchi.

Kule ndani wanawake wakashindwa. Kicheko kilichotoka nyuma ya pazia lile nitakisikia mpaka kaburini.

Lakini Salama kanyanyua mkono, wakanyamaza. Kasema maneno ambayo mpaka sasa yananisisimua mwili.

"Ami, masizi ni kitu kidogo. Mwenzake ndo muuaji. Ndani ya moshi wa gari mna hewa haionekani wala hainuki. Mtu huivuta akaona usingizi, kichwa kikamgonga, akasahau anachosema, akalala asiamke. Na makaa ya chetezo nayo huitoa hiyohiyo. Mngekawia kidogo njiani na vioo vile vimefungwa, hapa ingefika gari na maiti."

Shehe kakaa chini, palepale kwenye mchanga. Kasema "La ilaha illallah" taratibu. Nilimtazama kaka yangu, niliyemwambia avute pumzi ndefu. Jamani, mimi ni mtu wa mzaha, lakini hapo nilimuogopa Mungu. Hewa ya Ole ilikuwa ikiniingia kifuani, baridi na tamu, nami nikaivuta kama mtu anayepewa kitu asichostahili.

Salama kafungua boneti. Kachomoa chujio la hewa ambalo sijalitazama tangu ninunue gari. (Sikujua lipo. Basi, nimesema.) Kaligonga mara moja kwenye jiwe, likatoka vumbi, manyoya ya kuku na vikonyo vya karafuu.

"Injini yako haipumui, ami. Inakula mafuta isiyoweza kuyaunguza, ndo inayatapika meusi. Ukiona moshi wa buluu, inakula oili. Likisafishwa hili, bomba likaungwa kwa haki yake, moshi huu hutouona na mafuta yatakutosha siku nyingi zaidi."

Nilitaka kuokoa heshima japo kidogo. Nikasema, "Lakini mwanangu, moshi hasa ni ule wa mjini. Huku gari ngapi?"

"Mji haufanyi moshi, ami. Hufanywa na gari mojamoja kama hili lako, kila mwenyewe akisema langu ni moja tu. Zikishakusanyika, jua likaupiga moshi wake, hewa yenyewe hugeuka sumu. Na nusu ya gari zile zimesimama tu, zimekataa kuzimwa."

Nilistaajabu mpaka nikasahau kuona haya. Mtoto wa miaka ishirini na kitu, mikono ina grisi, anasoma moshi wa gari kama Shehe anavyosoma kitabu! Nikasema moyoni: ewe Suleiman, umetazama wapi ukamuona huyu?

Kisha nikakumbuka kilichotuleta. Mzee Omar alikuwa anaziokota karafuu zilizoshika masizi na kuzitia kikapuni. Nikaona posa imekwisha. Nikamfuata.

"Mzee Omar, makosa ni yangu peke yangu. Kijana hana dhambi. Msimpime kwa ami yake."

Kanitazama, uso uleule mpole. "Mwenye kuposwa ni yeye. Aulizwe yeye."

Salama akarudi ndani. Tukakaa. Sijapata kuona kahawa ikipoa polepole vile. Mwishowe katoka Bi Time, shangazi wa binti, na khanga mdomoni kuzuia kicheko.

"Binti auliza: huyo Suleiman ana gari?"

Kaka kainamisha kichwa. Nilimuona mzee wa watu anavyotafuta neno la kulipamba jambo, asilipate.

"Hana, bibi. Ana baskeli tu."

Bi Time akageukia mlango. "Ana baskeli!"

Vigelegele! Wallahi nilidhani paa linaondoka. Kaka yangu kalia hadharani, machozi yakamchorea michirizi myeupe usoni. Mahari Salama kataja mwenyewe kupitia kwa shangazi yake: boksi la spana, kamili, lisilopungua hata moja.

Gari limebaki Ole, kasema atalitengeneza yeye. Sisi tukaazimwa baskeli tatu. Kama leo mchana mlimuona Shehe Hamad na masizi yake akiteremka kilima cha Chake, kanzu kaifunga kiunoni, analia "kaeni kando!", macho yenu hayakukosea.

Magrebi hii Mzee Omar kanipigia simu. Kasema siku ya ndoa mimi ni mgeni wa heshima na nitakaa mbele, lakini nije kwa miguu.

Anayetaka kucheka na acheke, ila azime gari kwanza.