Wiki Niliyoachiwa Miche

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu ameondoka leo asubuhi kwenda kwa binti yetu aliyejifungua. Atarudi Jumamosi ijayo. Nimembebea mkoba hadi barabarani. Njia nzima alinipa maagizo, na hakuna hata moja lililomhusu mume wake. Yote yalihusu miche.

Mambo yenyewe ni haya. Jumapili ya wiki ijayo kikundi chake cha akina mama kitapanda miti kuzunguka chemchemi. Ni chemchemi hiyo hiyo tunayochota sote. Ukingo umemomonyoka vibaya, na mvua zikiukuta mtupu, tope litaziba jicho la maji. Yeye ndiye mwenyekiti. Miche ameiotesha mwenyewe kwenye makopo na pakiti za maziwa zilizotumika, nyuma ya jiko, chini ya kivuli cha nyasi.

Agizo: maji asubuhi, maji jioni, kwa kopo lenye matundu. Basi. Nisiongeze kitu, nisipunguze kitu, na zaidi ya yote nisibuni kitu. Nikamwuliza kama ananiona mtoto. Akasema mtoto angeelewa mara ya kwanza.

Bado ana kinyongo cha pilipili zake nilizoziunguza mwaka jana kwa mbolea ya kubuni. Mwanamke huyu hasahau.

Azma yangu: arudi akute miche imenawiri kuliko alivyoiacha, aseme mbele ya kaka yake kwamba alinidharau bure. Huyo kaka, yaani shemeji yangu, anakaa ng'ambo ya barabara. Anafuga nyuki. Mboji yake anaigeuza taratibu kama anayekoroga chai ya wageni. Hajawahi kuniambia neno baya. Hiyo ndiyo inayoniudhi.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwagilia. Kopo ni dogo, tanki la maji ya mvua liko bondeni, miche iko mlimani. Nilipofika safu ya mwisho, safu ya kwanza ilikuwa imeshakauka. Mgongo unalia kama mlango wa ghala.

Baada ya chakula nimeketi nikafikiri. Mwenye akili habebi maji. Maji ndiyo yanayomfuata. Bafu letu la nje liko upande wa juu wa kitalu. Kila siku maji ya kuoga yanatiririka kwenye majani, yanapotea bure. Na mpira wa maji upo, umelala stoo.

Mimi naoga, miche inakunywa. Hakuna tone linalopotea. Nashangaa hakuna aliyewahi kuliona hili.

Jumatatu, 10 Machi

Mtambo unafanya kazi. Nimeoga asubuhi, maji yakateremka hadi kitalu bila mtu kunyanyua hata kidole. Nimeoga tena saa sita kwa majaribio. Nimeoga jioni kwa sababu ya agizo.

Shemeji alipita na baiskeli yake jioni hiyo, akanikuta uani na taulo. Akauliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba namwagilia. Aliangalia taulo, akaangalia mpira, akaangalia mbingu kwa muda. Akasema mvua iko karibu, kisha akaondoka. Wivu huo.

Jumanne, 11 Machi

Vidole vimejikunja kama zabibu kavu, lakini sikulegea. Mchana nikaenda kukagua matunda ya kazi yangu.

Majani yamepauka. Kwenye kila kopo kuna povu.

Sabuni. Nilifikiria maji, nikafikiria mwinuko, nikafikiria mpira. Sabuni sikuifikiria.

Nimeshinda kutwa nikiisuuza miche kwa kopo lile lile nililolikimbia, mmoja baada ya mwingine, kama mama anayenawisha watoto wa jirani. Nilijikaza kisabuni, ingawa leo msemo huo umenikaa vibaya. Jioni mingi ikainua vichwa. Roho ikarudi mahali pake. Nimeponea chupuchupu, na hakuna aliyeona.

Tatizo dogo: kitalu sasa ni tepetepe, na konokono wamepata habari.

Jumatano, 12 Machi

Konokono wamekula safu nzima. Sitatumia dawa. Katika nyumba hii tunaheshimu mazingira. Nilikumbuka jirani yetu, nesi mstaafu, kila mtu anamwita Nesi, alivyosema juzi juzi uani kwake kwamba hakuna dawa ya konokono kama bata. Na yeye bata anao.

Nikaenda kuazima. Akakubali kwa moyo mweupe. Akasema, baba, bata ni wazuri, wataokota konokono wote, ila usiwaache peke yao maana... Hapo nilikuwa nimeshafika mlangoni na bata mbele yangu. Nusu ya kwanza ya sentensi ilinitosha.

Nikawafungia kitaluni. Nikaingia ndani kunywa chai. Chai ilikuwa tamu, nikaongeza kikombe.

Vijana wa mjini wakitaka kusema wanastarehe husema wanakula bata. Leo nimeshuhudia bata wenyewe wakila bata. Konokono waliwaonja tu. Miche waliimaliza. Vimebaki vijiti vitatu vinne na bata waliolala kwa shibe.

Nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimeshika tama. Nikafikiria chemchemi. Nikamfikiria mke wangu, ambaye akikasirika sauti yake haipandi, inashuka.

Nilipowarudisha bata, mmoja mweusi hayupo.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi Nesi aliuliza yule mweusi yuko wapi. Nikamwambia bado anamalizia kazi. Ni kweli kwa namna fulani, maana sikujua yuko wapi.

Nimemtafuta kwenye mtaro, kwenye mboji, chini ya ghala. Nimepiga magoti nikiita bata kwa sauti ya bata. Shemeji alipita tena. Safari hii hakuuliza kitu, alisimamisha tu baiskeli akasikiliza.

Nimemkuta bafuni. Ameketi ndani ya beseni, juu ya taulo yangu, anaatamia. Nikambeba na beseni lake, yai moja likiwa chini yake, nikaenda kwa Nesi nimeinamisha kichwa kama mshtakiwa. Nesi akashika mashavu. Kumbe bata yule msimu mzima alikuwa amekataa kutaga, na kila mtu alimwambia amchinje. Amenishukuru mpaka nikaona haya. Nilitoka nyumbani mwizi wa bata, nimerudi mkunga.

Furaha hiyo ikanipa akili mpya. Kule chini kando ya kijito imeota miche yenyewe tu, mibichi, minene, haijapandwa na mtu. Mche ni mche. Nikachukua sepeto ndogo ya mke wangu, nikaichimba, nikaijaza kwenye makopo. Kufika jioni kitalu kimejaa kuliko alivyokiacha. Ukikitazama kwa mbali huwezi kukitilia shaka.

Mikono inaniwasha kidogo. Jasho hilo.

Ijumaa, 14 Machi

Si jasho. Nimeamka mikono imevimba kama mikate.

Shemeji alikuja kuazima jembe, ingawa majembe yake mwenyewe yanapishana ukutani. Akasimama mbele ya kitalu. Akainama. Hakugusa. Akaniuliza mikono ina nini. Nikamwambia mbu.

"Mbu wa mwaka huu ni wakali," akasema. "Ukiwahamisha, vaa glavu."

Akasema pia miche inaendelea vizuri, akaondoka huku mabega yakimtikisika. Nilidhani ni kikohozi. Nikashusha pumzi: hajagundua.

Mchana Nesi akaja na dawa ya kupaka. Aliona mikono, akaona kitalu. Kisha akaniambia kwa upole kwamba ule ni mmea unaowasha, ukikua mtu hawezi kupita karibu na miguu mitupu, na kwamba atakayeupanda kwenye njia ya maji atalaaniwa na vizazi.

Nikawaona akina mama na ndoo vichwani. Nikawaona watoto wanaoteremka pale pekupeku kila siku. Nikamwona na mke wangu mbele yao, anasema asante nyote kwa kuja.

Hilo halikuwezekana. Naweza kuwa mtu wa mipango, lakini si wa mipango hiyo. Nimevaa glavu, nimeng'oa mmea mmoja mmoja, nimeuzika mbali na njia. Makopo nimeyasuuza na kuyapanga. Kitalu kitupu kabisa, kisafi kama meza ya daktari.

Sasa ninahitaji wezi. Nimevaa gambuti, nimetembea kinyumenyume kwenye matope kuanzia kitaluni hadi uani. Ushahidi unatosha.

Jumamosi, 15 Machi

Amerudi. Mtoto mzima, mama mzima. Nimempokea mkoba, nimempa maji, kisha nikamweleza kuhusu wezi.

Alinisikiliza huku akifungua kilemba. Akauliza ni wezi gani wanaochukua miche wakaacha makopo. Nikasema ni wezi wa kisasa. Akauliza ni nani aliyeyaosha. Nikasema ni wastaarabu. Akauliza mbona nyayo zinatoka uani kwetu kwenda kitaluni na hazirudi.

Halafu sijui nini kilinipata. Nilipomwona amekaa pale na vumbi la safari miguuni, nikamwambia yote. Mpira, sabuni, konokono, bata, kijito, glavu. Nikamwambia chemchemi yake nimeiua mimi, aite akina mama wake, nitasimama mwenyewe niwaambie. Aliniacha nimalize.

Akanishika kiwiko, pasipovimba, akanivusha barabara hadi nyumbani kwa kaka yake.

Nyuma ya nyumba, baina ya mizinga na mboji, kuna kivuli cha nyasi. Chini yake miche. Safu juu ya safu, imesimama wima, majani yanang'aa. Miche ya mke wangu. Aliihamisha Ijumaa ile, siku moja kabla ya kusafiri, mimi nikiwa nimelala mchana. Ile niliyoachiwa mimi ilikuwa dhaifu, ya kutupwa kwenye mboji.

"Nilijua utabuni kitu," akasema. "Ila sikujua utaoga namna hiyo."

Shemeji akakiri kwamba hakuwa anapita kukagua. Alisema nyumbani kwake hakuna kinachochekesha, nyuki ni watu wa kazi. Safari hii alicheka waziwazi, akashika mpini wa baiskeli asianguke.

Mwingine angekasirika. Mimi sikukasirika. Nikaketi juu ya mzinga, kwa bahati ulikuwa mtupu, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Tangu Jumatano nilikuwa nimebeba gunia kifuani, na sasa mtu amelitua. Chemchemi ipo. Miche ipo. Mke wangu ananijua kabisa, na bado amerudi nyumbani.

Usiku nimelala kama gogo.

Jumapili, 16 Machi

Kazi imefanyika. Kikundi kizima kilikuja, na waume, na Nesi na chupa yake ya dawa ya kupaka. Mimi nilipewa jukumu la kushika ncha ya kamba ili mashimo yafuate mstari. Niliambiwa nisiondoke hapo, nami sikuondoka.

Mwishoni mke wangu aliniita nipande mmoja. Nikaupanda kwa unyenyekevu. Nilipogeuka niliona shemeji akiunyoosha.

Alasiri mvua ikashuka, laini, ya kunyonywa na ardhi. Tulisimama chini ya mti mkubwa wa ng'ambo tukiangalia ukingo. Haukumeguka. Maji yalitoka meupe. Mke wangu akaegemeza bega lake kwangu. Akasema nilifanya vyema kung'oa ile mimea. Hiyo si sawa na kusema alinidharau bure, lakini ni ya ukoo huo huo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepumzika na kutafakari. Mtu akipita mtihani kama huu bila kujifunza kitu, basi ni kichwa cha nazi. Mimi nimejifunza.

Fundisho ni hili: watu wenye hekima hawakupi kitu chenyewe. Wanakupa mfano wake. Kitu chenyewe kiko salama mahali pengine, kinatunzwa na mtu mwingine. Kwa hiyo hakuna haja ya hofu, wala ya kubana ubunifu. Laiti ningelijua hili Jumanne nisingeisuuza ile miche kutwa nzima.

Mke wangu ameenda kikundini kutoa taarifa. Ameniachia sufuria ya maharage jikoni. Agizo: nikae hapo hapo, niongeze maji yakipungua, nisibuni kitu.

Nimetabasamu. Nimetoka uani kupima kama mpira wa maji unaweza kufika hadi kwa shemeji, maana nina wazo kuhusu nyuki na joto. Nimepima, nimekaa chini ya kivuli kuandika haya. Upepo unatoka upande wa jiko na kuna harufu ya kuungua, tena nzito.

Sina wasiwasi. Maharage yenyewe yatakuwa kwa kaka yake.