Mawese mu Boîte ya Reine

Siku ya kwanza, tarehe 5 novemba 2001. Bulengera, Butembo.

Njia ya Mutwanga imefunguka! Radio ilisema asubuhi. Katungu, muke yangu, alilia palepale mu jikoni. Tangu mapigano ianze kule, hatujapata habari ya mama yake, Mama Mariette. Hatujui kama ni muzima. Nikamwambia Katungu anyamaze, mimi Phinées nitaenda kumuleta.

Halafu nikasikia Paulin naye anaenda siku ya ine. Paulin alioa Nadège, mudogo ya Katungu. Camionnette yake haivuji hata tone. Anavaa shati nyeupe na anaendesha! Donc lazima nitangulie. Mama mukwe ashuke mu gari yangu, Butembo yote ione.

Shida moja tu. Reine, quatre-quatre yangu ya zamani, anavuja huile, mafuta ya mashini, ku boîte de transfert. Ni ile sanduku ya chuma chini ya gari, katikati, yenye kugawa nguvu ku magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kidogo tu. Beseni moja asubuhi, moja mangaribi.

Siku ya pili, tarehe 6.

Fundi Vagheni aliniomba nimuachie Reine mupaka mwisho ya juma. Mwisho ya juma! Paulin atakuwa amesharudi na kusifiwa. Nikafungua boîte mimi mwenyewe.

Sikujua. Miaka yote nimekaa juu yake, sikujua. Ndani kuna magurudumu ya meno, makubwa na madogo, imeshikana muzuri, hata kucha haipite katikati. Nilizungusha moja na kidole. Zote zikageuka polepole, bila kelele. Nani alifikiri kitu ya namna hii? Nilitoa kofia. Katungu alikuja kuniita kula, akanikuta chini ya gari na kofia ku kifua. Akauliza nani amekufa.

Nilitia joint mupya, ile mupira ya kuzuia huile. Iko na pande mbili. Upande moja ina karessort, kawaya kazuri ka kujikunja, kanangaa. Nikakageuzia inje, batu bakaone. Tena juu ya boîte nilikuta katundu kadogo. Kumbe vumbi inaingiaka hapo! Nikaziba na chingamu. Kazi ya akili.

Siku ya tatu, tarehe 7. Mutwanga.

Tulitoka na Katungu mapema. Mbele ya kufika Beni, huile ilikuwa inavuja kuliko zamani. Katungu alichungulia nyuma, akauliza ile mustari mweusi ku njia ni nini. Nikasema ni kivuli. Ku Beni nilimimina bidon yote ya huile mu boîte. Ku barrière ya daraja ya Semliki basoda, bunduki ku mabega, balitazama Reine, bakatusikilia huruma, bakafungua.

Tulifika jua inashuka. Mama Mariette ni muzima! Amekonda, mais ni muzima. Katungu alimukumbatia, akakataa kumuachia.

Nyumba imejaa batoto. Batoto mu chumba, ku baraza, chini ya muparachichi. Hata tate Kahongya, muzee kipofu ya kilima ya juu, yuko pale. Bazazi ya bale batoto balikufa ao balipotea mu pori. Mama Mariette alisema balikuja moja moja, naye alikuwa anaongeza maji mu sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Basi. Alisema vile tu, kama mutu anaeleza namna alifagia kiwanja.

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kujisifu tangu Butembo. Nilishika ndoo, nikaenda kuchota maji.

Mama Mariette alisema hataacha hata mutoto moja nyuma. Nikasema Reine atabeba bote, na tate Kahongya pia. Boîte ilikuwa kavu wakati nilisema vile.

Siku ya ine, tarehe 8. Beni.

Mutwanga yote haina huile ya gari. Mais mawese iko! Mama Mariette alikuwa na bidon nzima. Katungu aliniuliza kama niko hakika. Nikamujibu mafuta ni mafuta.

Vraiment, Reine alitembea! Batoto baliimba. Nilikuwa ninafikiri kuandikia bazungu benye kutengeneza magari. Halafu mawese ikaanza kupata moto. Harufu ya mandazi ikajaa ku njia. Batoto baliacha kuimba, bakaanza kulia njaa.

Ku Semliki, basoda balituzunguka mbele sijazima moteur. Chef yao, mutu ya jimbo ya Équateur, mbali na milima, alinusa upande ya kuume, akanusa upande ya kushoto.

"Leta sufuria."

"Chef, hapana sufuria. Ni gari."

"Gari inakaanga?"

Akachukua bunduki, akanilazimisha nilale chini ya Reine, naye akalala karibu yangu. Tone moja ya mawese ilianguka ku mukono yake. Akailamba. Akafikiri sana. Akauliza kama kuna chumvi.

Nilitambaa nikatoka inje, hakuna mutu alicheka. Basoda balitaka kushusha batoto bote, bapekue gari. Katungu alishika mukono ya mama yake. Mutoto mukubwa moja alianza kutetemeka, anatazama tu bunduki. Nilijua aliona nini na bunduki, mbele ya kufika kwa Mama Mariette. Hapo akili yangu yote ilikwisha. Hapana plan hata moja.

Na mawingu ikafunguka.

Nyuma yetu Ruwenzori ilitoka yote. Nimeishi inchi hii tangu kuzaliwa na nimeona mulima ile kipande kipande tu, kati ya mvua na mvua. Sasa mulima nzima, na juu yake theluji, nyeupe, kubwa, inangaa mupaka macho inauma. Batoto balinyoosha vidole. Basoda baligeuka. Chef alitoka chini ya gari, mikono nyekundu na mafuta, akasimama kinywa wazi.

"Ile nyeupe ni nini?"

Mama Mariette alimwambia ni theluji. Maji yenye baridi imekamata mupaka ikakuwa jiwe.

"Nani anaishi kule?"

"Hakuna mutu, mwana yangu."

Chef alitazama tena. Alisema polepole: "Basi kule hapana vita."

Tate Kahongya aliomba bamuelezee. Yule mutoto mwenye kutetemeka alimuelezea, na sauti yake ilikuwa imetulia. Wakati mawingu ilifunga, chef alifungua barrière yeye mwenyewe. Hakuomba kitu.

Mbele kidogo Reine alitapika mawese yote na kusimama. Nani anatokea? Paulin. Shati nyeupe. Aliona batoto, hakuuliza neno, akaanza kubapandisha mu gari yake. Halafu aliingia chini ya Reine na ile shati. Alitoa chingamu yangu. Fuuuuu! Boîte ilipumua! Akaeleza katundu kale ni pua yake. Ukiziba, moto inasukuma mafuta yote inje, na joint ya kugeuzwa haiwezi kuzuia. Hakucheka. Afazali angecheka.

Siku ya posho, tarehe 10. Bulengera.

Tuliingia Butembo ku kamba, nyuma ya Paulin. Alitaka Mama Mariette akae mbele, kwake. Mama alikataa, alisema atashuka mu gari yenye ilikuja ya kwanza. Batu balipiga mikono. Nadège alitoka anakimbia bila viatu. Batoto ya Mutwanga bamelala sasa mu nyumba yetu na ya Paulin, na jirani banaleta blanketi bila kuombwa. Sijaona kitu kama hii.

Vagheni alisafisha boîte, akatia joint vile inafaa. Meno zote ni nzima! Katungu aliniapisha mbele ya mama yake: sitagusa tena boîte de transfert. Nimeapa, mukono juu.

Mangaribi niliona radiateur, ile ya kupoza moteur, inatoa tone moja. Nikachungulia. Mungu yangu! Vibomba vyembamba, safu juu ya safu, maji inapita mu kila moja! Kesho bote bataenda ku kanisa. Nitabaki, niseme tumbo inauma. Nitafungua kidogo tu, nione. Siku ya kwanza yenye kuja nitatangulia Paulin ku Lubero, kuleta viazi ya batoto.

Mu kiapo, radiateur haikutajwa.