Koti la Papa na Mashati Matatu Meupe

Jumatatu, tarehe 6 Machi 2023. Baraka.

Yaya Adolphine, dada yangu mkubwa, uliniomba niandike kila siku mpaka wakwe zako wafike, kwa kuwa mitihani ya uuguzi inakuzuia Uvira. Naapa kuandika yote, hata ya kuniaibisha. Casimir dereva atakuletea daftari hili Jumapili.

Wajumbe wa Lulimba watakuja Jumamosi kuzungumza posa yako. Papa atavaa koti la ngozi. Lipi lingine? Alilinunua Kasulu mlipokuwa katika kambi ya wakimbizi, mimi sijazaliwa. Akalivaa ndani ya meli ya kurudi, kwenye ubatizo wako, siku ya diploma yako ya sekondari. Sheria zake unazijua. Koti halioni jua, halioni maji. Kila mwaka mpya hupakwa nta ya mshumaa, kidogo tu, likajazwa magazeti mikononi, likarudi katika sanduku la bati. Kiwiko alikitia kiraka Eugène, fundi wa viatu, kwa ngozi ya mpira wa miguu. Likipatwa na lolote, husema Papa, aambiwe yeye kwanza, halafu Eugène.

Habari yangu: Mwalimu Lionel amenichagua kusoma hotuba ya wasichana kwenye gwaride la Machi nane, siku ya wanawake. Mimi! Merveille amenuna. Ametangaza darasani kwamba atavaa koti lake la ngozi la Bujumbura juu ya kitenge, tuone watu watamtazama nani.

Si ngozi. Ni plastiki. Nimeligusa.

Jumanne, tarehe 7

Hesabu sikusikia hata moja. Nilikuwa nawaza. Koti la Papa linalala bure mpaka Jumamosi. Gwaride ni Jumatano. Kwa muda wa saa mbili tu! Kuazima si kuiba, kitu kikirudi.

Papa alipokwenda mkutano wa kanisa nilifungua sanduku. Nimetoa koti, na mahali pake nimeweka blanketi la Mama, nimelikunja na kulitengenezea mikono miwili. Kazi safi. Aibu kidogo, fahari zaidi.

Jumatano, tarehe 8

Hotuba yangu: “Msichana mwaminifu ni nguzo ya nyumba.” Nilisoma vizuri, Yaya. Nilipofika kwenye neno “mwaminifu” mara ya tatu, mvua. Mvua ya Machi, unaijua. Watu wote wakakimbilia chini ya mabati. Mimi nikaendelea, maana Mwalimu Lionel hakunipa ishara ya kuacha. Baadaye nikajua kwamba naye alikuwa amekimbia.

Koti la Merveille lilitiririsha maji kama jani la mgomba. La Papa liliyameza. Merveille akapaza sauti:

“Eh Faida! Koti ya papa yako inakunywa maji sawa ngombe!”

Shule nzima ikacheka. Hata prefe, mkuu wetu wa shule. Watu wote walinitazama mimi. Ndivyo nilivyokuwa nimetaka.

Alhamisi, tarehe 9

Koti zito kama mbuzi. Lazima likauke. Najua sheria ya jua, lakini nimefikiri: Papa aliitunga kwa koti kavu. Koti lililolowa ni kesi nyingine.

Nyumbani haiwezekani. Nikakumbuka mahali Mama anapoanikia ndagala, kule ziwani. Mchanga mpana, jua zuri kuliko lote la Baraka. Nikalitandaza katikati ya samaki, nikamwagia ndagala kiasi juu yake ili Mama asilione kwa mbali. Nikaenda shule.

Saa sita nikarudi. Limekauka! Ila linasimama lenyewe. Nimeliweka chini likabaki wima, mikono mbele, kama mtu anayedai maelezo. Na harufu, Yaya. Mbwa mmoja na mabata wawili wametusindikiza mpaka barabarani.

Nilipita kwa Eugène. Nikamsalimu, nikaendelea. Anaimba kwaya moja na Papa, na mdomo wake hauna kufuli.

Ijumaa, tarehe 10

Nimepata dawa. Ngozi ni ngozi. Mama zetu hupaka watoto mawese na wanalainika. Kikombe kizima. Limelainika! Limekuwa jekundu kidogo, lakini sandukuni mna giza. Limerudi mahali pake, juu ya lile blanketi. Nimesali. Nimemwomba Mungu ashughulikie harufu tu, mengine nimeyamaliza.

Jumamosi, tarehe 11

Naandika kwa sababu niliapa.

Wageni walifika mapema, wazee watatu wenye mashati meupe. Papa akafungua sanduku mbio, akavaa bila kutazama. Mama akanusa viganja vyake, akaenda kunawa tena. Mara mbili. Maskini Mama!

Papa akawakumbatia wakwe mmoja mmoja, vichwa vikigusana mara tatu kama ipasavyo. Joto, paa la bati, koti lenye mawese. Alipomwachia wa mwisho, mashati yote matatu yalikuwa na mikono myekundu mgongoni na kifua chekundu mbele.

Mkubwa wao, Mzee Jérémie, akanusa begani.

“Tulisikiaka ku Baraka munapokea bageni na ndagala,” akasema. “Hatukujua kama munaivaa!”

Wakacheka. Isipokuwa baba mdogo wa mchumba wako, Bwana Vainqueur. Yeye alisema posa haizungumzwi na mashati kama yale, mambo yasubiri Jumamosi ijayo. Papa akainamisha kichwa.

“Mutusamehe. Ni mi mwenyewe nilipakaa mawese mingi. Nilitaka koti ingare juu ya heshima yenu.”

Hakunitazama hata mara moja. Afadhali angenipiga.

Wameondoka wamevaa mashati ya Papa. Ya kwao wametuachia tufue. Wakiyakuta na doa, Bwana Vainqueur amesema, ataelewa nyumba hii ni ya namna gani. Ndoa yako, Yaya, imo katika beseni.

Jumapili, tarehe 12

Niliamka nikakuta blanketi kitandani mwangu, limekunjwa bado, lina mikono yake miwili. Papa alikuwa mlangoni.

“Faida, siku utakuwa tayari kunielezea, mi niko.”

Akaenda kanisani. Nililia mpaka kamasi. Nimeamua kumwambia yote, leo leo. Lakini nimewaza: kuungama kunapendeza zaidi kama kosa limekwisha rekebishwa. Nikaenda kwa Merveille. Amenihurumia, si mbaya kama nilivyofikiri. Amesema mama yake anaondoa kila doa kwa maji ya javeli, yale ya kung'arisha nguo nyeupe. Amenipa chupa nzima.

Mashati nimeyaloweka kwenye beseni niliporudi. Koti nimelitia humo humo, ili kuokoa javeli. Maji yamekuwa meusi, nadhani ni uchafu unatoka. Casimir anapiga honi. Nijibu kwa gari lake hili hili, Yaya, wewe unayesomea uuguzi: koti la ngozi linakaa ndani ya javeli kwa muda wa saa ngapi?