Dunia Niliyoiona kwa Juu

Jumatatu, 8 Septemba

Nickson amerudi kutoka Kigali. Semina ya siku tatu ya walimu wa historia, na sasa anatembea kama balozi. Kitambulisho cha semina bado kinaning'inia shingoni. Amekivaa mpaka chooni.

Saa ya chai ametusimulia barabara za Kigali. Safi. Kisha taa za Kigali. Kisha barabara tena. Ningevumilia, lakini Loyce alikuwepo. Loyce ni muuguzi wa kituo cha afya hapa Murungu, alikuja shuleni kuwapima wanafunzi macho, na alikuwa anamsikiliza Nickson mpaka chai yake ikapoa. Mimi ni fundi wa maabara. Miaka miwili napanga mirija kwenye rafu na hakuna chai iliyowahi kupoa kwa ajili yangu.

Nikasema Kigali si pabaya, ila kwa mtu aliyezoea Brasilia panaonekana padogo.

Mkuu wa shule, Madam Verediana, akaweka kikombe chini na kuuliza lini nilifika Brazili. Nikasema ni habari ndefu.

Si uongo. Kila mchana nikishakula nafungua picha za setilaiti kwenye simu na kuzunguka dunia. Brasilia naijua: mji mzima umechorwa kama ndege aliyetandaza mabawa, na ziwa limemzunguka kichwani. Nimeuona mara nyingi kuliko Nickson alivyoiona Kigali. Nimeuona kwa juu, basi.

Jumanne, 9 Septemba

Siku njema sana. Loyce amekuja tena na ubao wake wa herufi, na safari hii alikaa upande wangu wa meza.

Nimempa Barcelona: mitaa iliyokatwa vipande sawasawa kama sabuni ya mche, na kila kipande kimekatwa pembe. Nimempa Dubai, mchanga uliomwagwa baharini ukawa visiwa vyenye umbo la mnazi. Nimempa lile jicho kubwa la mawe kule jangwani Mauritania, duara ndani ya duara, ambalo ukilisogelea linakupotea. Loyce akasema hajawahi kumsikia mtu anayekumbuka miji kwa maumbo. Wengine hukumbuka bei tu.

Kisha akauliza Brasilia wanakula nini.

Chakula hakionekani kwa juu. Nikasema wali. Akauliza na nini. Nikasema na maharage, kwa sababu ndicho kilichokuwa kwenye sahani yangu. Nickson akatoa simu mfukoni, akatafuta, akasoma kwa muda mrefu. Akairudisha mfukoni.

Wali na maharage. Kumbe Brazili wanakula kama sisi. Mungu yupo.

Jumatano, 10 Septemba

Nickson ni mtu mdogo wa moyo. Leo mbele ya watu wote kaniuliza mlango wa piramidi kubwa ya Misri uko upande gani. Nikasema mlango siukumbuki, ila kivuli chake asubuhi hulala magharibi. Akasema asubuhi kivuli cha kila kitu hulala magharibi, hata cha choo cha shule. Walimu wakacheka. Loyce pia, kidogo.

Halafu Loyce akauliza jambo baya zaidi, kwa upole. Akasema amegundua kila mji ninaousimulia nausimulia mapaa. Mapaa mekundu, mapaa ya kijivu, paa lenye bwawa la kuogelea. Watu wako wapi?

Nikajibu kwamba mimi nikisafiri hupanga ghorofa za juu. Hewa nzuri.

Lakini heshima haijapotea. Madam Verediana kaniita ofisini. Jumamosi ni mahafali ya kidato cha nne, na anataka nitoe nasaha kwa wahitimu kuhusu dunia niliyoiona. Nafasi hiyo Nickson alishaiandikia hotuba. Kurasa sita, nimeziona. Madam akaongeza kwamba nilete pasipoti, wanafunzi waione. Nikasema iko Kigoma, inabadilishwa.

Mpango: nitazihifadhi picha za setilaiti kwenye simu, nizioneshe ukutani kwa projekta, niseme nilizipiga mwenyewe dirishani mwa ndege. Projekta natunza mimi. Hakuna kitakachoharibika.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefanya kitu kibaya. Naandika ili nisijidanganye kwamba sikukifanya.

Mwenye nyumba wangu ni Mzee Pasikali. Alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, wakati wa mauaji, akiwa na miaka tisa, mgongoni kwa mjomba wake nusu ya njia, akakulia hapa hapa Kibondo, akapewa uraia, analima mihogo na kahawa kidogo. Kwa miaka miwili nimepanga kwake na hajawahi kuniuliza chochote zaidi ya kama nimefunga geti. Leo alikuja na kigoda chake, akakaa mlangoni pangu.

Akasema: "Mwalimu, nasikia umetembea sana." Shuleni kwetu kila mtu ni mwalimu, hata mimi. Nikasema kiasi. Akauliza kama nilishafika upande wa Ruyigi, kule Burundi, mlima mmoja unaitwa Gasenyi, wenye kanisa juu na vijito viwili vinavyokutana chini yake.

Mdomo wangu ulijibu kabla yangu. Ukasema ndiyo, nilipita.

Mzee akavua kofia. Akauliza kama nyumba ipo. Ilikuwa pale vijito vinapokutana, akasema, upande wa jua kuchomoza. Baba yao alibaki pale. Wao walitangulia wakiambiwa atafuata.

Nikasema ipo. Nikasema ina bati jipya.

Akaigeuza ile kofia magotini. Kisha akasema "Ego," yaani ndiyo kwa lugha yao, kama mtu anayemjibu mwingine si mimi. Akasema atampigia dada yake Akimana huko Titye aje kwenye mahafali anisikie. Akimana alikuwa na miaka kumi na minne walipovuka. Wenzao walipokuwa wanarudi, yeye aligoma. Alisema hawezi kwenda kuangalia mahali palipo patupu.

Ugali umenishinda leo.

Ijumaa, 12 Septemba

Bibi Akimana amefika kwa basi la Kasulu saa tano. Mama mwembamba, kitenge cha kijani, macho makali. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia na kunitazama kuanzia viatu hadi nywele, bila haraka, kama anayekagua mbuzi mnadani.

Nikajifungia maabara na kuutafuta huo mlima. Gasenyi ziko nyingi upande ule. Nimezipitia moja moja. Ya nne ilikuwa na kanisa juu, umbo la msalaba, na chini yake nyuzi mbili za kijani kibichi zikikutana.

Upande wa jua kuchomoza hakuna nyumba. Nimesogeza picha hadi ikawa ukungu. Kuna njia ya miguu, kuna shamba la migomba, basi. Hakuna bati jipya wala la zamani.

Nikafikiria homa. Mtu akiwa na homa haendi kutoa nasaha. Nikaenda kituo cha afya kumwambia Loyce ninaumwa. Akanipima. Thelathini na sita na nusu. Akaniuliza hasa naumwa wapi, na nikashindwa kumwonesha.

Jumamosi, 13 Septemba

Ukumbi ulijaa. Wazazi, wahitimu, kwaya, mgeni rasmi ambaye hakuja, na mtu aliyemtuma badala yake. Nickson mstari wa mbele, kitambulisho shingoni. Loyce pembeni ya dirisha. Mzee Pasikali amevaa koti la suti, dada yake kando.

Nilianza na Brasilia, ukuta mzima. Watu wakaguna kwa mshangao. Nikasema niliipiga dirishani mwa ndege. Wakapiga makofi. Barcelona, makofi. Nikaanza kupata nafuu. Kwa dakika kumi nilikuwa mtu niliyetaka kuwa siku zote.

Kisha Bibi Akimana akasimama bila kunyoosha mkono. Akasema anaomba kuuliza. Ukisimama mlangoni mwa kanisa la Gasenyi, ukatazama chini, unavisikia vijito au huvisikii?

Nilijua mapaa. Sikujua sauti. Mzee Pasikali alikuwa ananitazama kwa imani yote, na hilo ndilo lililonishinda. Ningeweza kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa tayari. Nikaubana.

Nikasema: "Mama, sijui. Sijawahi kufika Gasenyi. Sijafika popote. Nimetoka Same, nikasoma Morogoro, nikapangiwa kazi hapa. Picha hizi ni za setilaiti. Na ile nyumba sijaiona. Hakuna nyumba pale."

Kicheko kilianzia nyuma na kuja mbele. Nickson alicheka hadi akashika magoti. Madam Verediana alifunga macho. Mzee Pasikali hakucheka. Alitazama chini, na ningetoa chochote asitazame chini.

Bibi Akimana alibaki amesimama. Akasema: "Mimi nilijua. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na niliiona ikiungua. Baba alikuwa ndani. Huyu mdogo wangu alikuwa mgongoni kwa mjomba, ametangulia, na sikumwambia. Miaka yote hii sikumwambia." "Nimepanda basi kuja kumwona mtu aliyeiona ina bati."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Pasikali akamshika dada yake mkono, wakakaa hivyo, na kwaya haikujua kama iimbe au isiimbe.

Hatimaye Mzee akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ule mlima wenyewe ninao kwenye simu. Nikasema ninao. Akasema basi weka.

Nikaweka. Gasenyi ikajaa ukuta, kijani na udongo mwekundu. Wawili hao wakasogea hadi mbele kabisa, vivuli vyao vikaangukia picha. Kwanza hawakuelewa, kwa sababu hawajawahi kuwa ndege. Nikawaonesha kanisa. Bibi Akimana akaweka kidole hapo, akakishusha polepole kwenye ile njia ya miguu, akipinda inapopinda, akasimama vijito vinapokutana.

Akasema, "Ni iwacu." Kwetu.

Mzee akabisha. Akasema walichota maji kile kijito kingine. Dada akasema alikuwa mtoto, anajua nini. Wakabishana mbele ya ukumbi mzima kwa Kirundi cha haraka, na nikaona Mzee anacheka huku machozi yanamtoka. Kisha Bibi akaigundua ile migomba. Akauliza nani ameipanda. Nikasema sijui, na safari hii halikuwa jibu la aibu. Akaitazama sana. Akasema imestawi. Akasema ni vizuri, mtu analima.

Baada ya hapo nasaha zilikwisha. Wazazi walijipanga foleni kwenye projekta. Mmoja anataka Muyama alikozaliwa, mwingine anataka shamba lake la Murungu ambalo lilikuwa mita mia tatu kutoka tulipokaa. Nickson naye akapanga foleni, akaomba hoteli yake ya Kigali. Tukaipata. Paa dogo nyuma ya kituo cha mafuta. Watu walilitazama kwa heshima, kisha wakaomba la mtu mwingine.

Mgeni rasmi wa badala aliondoka bila kugawa vyeti. Vimegawiwa saa kumi na moja na Madam mwenyewe, ambaye hakunisemesha, lakini alikuwa amepanga foleni mara mbili.

Jumapili, 14 Septemba

Bibi Akimana amerudi Titye. Kabla ya kupanda basi alinipa mkono na kusema nisiweke tena bati kwenye nyumba za watu. Nikaahidi. Mzee Pasikali anafikiria kwenda naye Gasenyi msimu wa kiangazi ujao. Amenichorea kijito chake kwenye karatasi ili nihakikishe ni kipi. Nimeulinganisha mchoro na picha: kijito alichochora ndicho alichokitaja dada, dada alikuwa sahihi. Sijamwambia, nitamwambia kesho, maana sasa nasema kweli.

Loyce amepita nyumbani baada ya ibada. Alikaa nje kwenye kigoda cha Mzee. Nikamwonesha kwao Ngara, akaitambua shule yake ya msingi kwa uwanja wake uliopinda. Akasema hadithi za Brasilia alizipenda, lakini jana ndiyo siku aliyonisikiliza. Akasema anaweza kuzoea mtu wa namna hiyo. Chai yake ilipoa kabisa. Sikuigusa, nikaiacha ipoe.

Nimeapa mbele ya Biblia na mbele ya Mzee Pasikali: kuanzia sasa, mahali sijafika, sijafika. Ni rahisi sana. Sijui kwa nini nilijisumbua.

Jumatatu, 15 Septemba

Afisa kilimo mpya ameripoti kata. Anaitwa Ghati, katoka Tarime, atapanga chumba kimoja nyumba anayokaa Loyce. Saa nne alikuja kusalimia shuleni. Alionekana mpweke. Akasema huku hajakutana na mtu hata mmoja anayekujua kwao.

Nikamwambia nimekaa Tarime miaka miwili.

Ilikuwa huruma tu. Mtu mpweke hafarijiwi kwa takwimu. Alifurahi hadi akanishika bega. Akauliza kama nilijifunza Kikurya, nikasema kidogo, cha kutosha. Akasema mama yake lazima alisikie hilo. Atampigia kesho saa nne, mbele ya wote, nimsalimie mama na kuzungumza naye habari za nyumbani.

Nimekaa maabara tangu mchana na daftari jipya. Nimeshajua neno moja, ingawa sina hakika ni salamu au ni aina ya ndizi. Bado saa kumi na nane nzima. Lugha haiwezi kuwa ngumu kiasi hicho.