Kivuli cha Mkwe

Jumanne, 3 Juni 2025
Leo nililinda mlango wa ukumbi wa chuo, Braamfontein, hapa Johannesburg. Ndani, profesa alikuwa anafundisha kuhusu mwongozaji mmoja Mjerumani wa filamu bubu. Ajabu! Kwenye filamu yake kivuli kinapanda ngazi kwanza, mwenyewe anafuata. Kuta zimepinda. Miaka mia na zaidi imepita, watu bado wanamwiga. Na mimi je? Papa yake Orpha, mchumba wangu, kule kwetu Bukavu, anataka video ya kila anayemposa bintiye. Ataamua Jumapili. Pitchou, fundi cherehani, keshatuma yake: amekaa mbele ya friji la milango miwili, anasalimia shangazi mmoja mmoja kwa jina. Ushamba mtupu!

Jumatano, 4 Juni
Nimerekodi ngazini kwetu Hillbrow, saa kumi. Jua la majira ya baridi hurefusha kila kitu. Kivuli changu kilifika ghorofa ya juu kabla yangu. Vidole nimevinyoosha. Simu nimeiinamisha, ukuta ukalala upande. Sauti nimeiondoa yote. Uso unaonekana sekunde mbili, tena nusu. Orpha aliomba aione kwanza. Nikamwambia sanaa haionjwi kama mchuzi. Nimetuma. Sharp, mambo safi!

Alhamisi, 5 Juni
Wameitazama. Hakuna jibu. Bila shaka wamepigwa na butwaa.

Ijumaa, 6 Juni
Eish! Orpha amenifuata kazini, kitana mkononi, kamwacha mteja saluni, kichwa kimesukwa nusu. Anasema mama yake hajalala. Shangazi Angélique anauliza kwa nini bwana harusi ni bubu. Papa ameita wazee wa kanisa. Wanafunga na kuomba dhidi ya kile kilichopanda ngazi. Nikamweleza habari za Mjerumani. Akauliza kama ni Mjerumani anayetaka kumwoa. Kisha akalia. Niliogopa kweli. Nampenda, na Pitchou hajawahi kumliza. Amenipa nafasi ya mwisho: Jumapili saa tisa, simu ya video. Niketi dirishani, nionekane uso mzima, nisalimie kwa sauti. Nimeapa kwa jina la mama.

Jumapili, 8 Juni, saa tisa kasoro dakika kumi
Nimenyoa ndevu. Shati jeupe. Kiti kipo dirishani. Nimejitazama kwenye simu. Masikini mimi! Picha ya kitambulisho! Papa atasinzia, atamchukua mtu wa friji. Nimefunga pazia. Taa ya mezani nimeiweka sakafuni, inanimulika kidevu kutoka chini. Kivuli changu ukutani kimefika hadi darini. Mkwe wa maana huyo!

Simu inaita. Nitawakazia macho kwanza, bila kusema neno.