Ukurasa wa Bibi Usifutwe

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Ukurasa niliomwandikia marehemu bibi kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni umebandikwa onyo: hauna vyanzo, wahariri wajadili hadi Jumamosi kama ubaki au ufutwe. Aliyebandika anajiita Kunguru. Niliandika kwamba bibi ndiye mwanamke wa kwanza duniani kutengeneza redio. Chanzo: mjukuu wake, yaani mimi. Anataka nini tena? Na mimi nimeshautundika ukutani hapa dukani, ndani ya fremu!

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua akaunti tatu huku nikiwatolea wateja fotokopi. Zote zikasema ukurasa ubaki. Moja niliiita Profesa. Kunguru akauliza mbona watu watatu wote tunamwita bibi “gwiji wa magwiji”. Zimefungiwa. Nikamwambia ana wivu. Wala hakukasirika! Akaniuliza tu redio aliyoitengeneza bibi ilikuwa ya nani, na iliharibika nini. Swali la kijinga. Limening'ang'ania siku nzima. Kweli, ilikuwa ya nani?

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kwa shangazi. Nimemkuta akianika nguo. Alicheka mpaka akaangusha vibanio.
“Redio? Mama alikuwa haigusi redio, akiogopa shoti! Wewe mtoto umeyatoa wapi hayo?”
Nikajitia kuokota vibanio. Akanieleza kwamba bibi alikuwa mkata tiketi wa stesheni. Saa kubwa ya mnarani ilipoharibika, akapanda juu na kuisukuma mishale kwa mkono, dakika baada ya dakika, mpaka spea ilipofika. Nikauliza: na msalani alikwenda lini? Shangazi hajui. Gazeti liliandika, lakini yeye wakati huo alikuwa bado ananyonya.

Alhamisi, 6 Machi
Maktaba. Mkutubi kanikatalia kuingia na maandazi. Nimefukunyua magazeti makuukuu, nimepiga chafya mpaka basi. Nimempata! Bibi, kichwa nje ya uso wa saa, anakula ndizi kando ya namba tisa. Habari inasema siku moja aliirudisha saa nyuma makusudi, dada yake alikuwa amechelewa treni. Treni ikasubiri. Stesheni nzima ikasubiri! Nimesimama pale nikimtazama. Ana pua yangu. Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza kitu.

Jumamosi, 8 Machi
Ubaki! Nilimtumia Kunguru picha ya lile gazeti, na yeye mwenyewe ndiye aliyeutetea. Ila ameuandika upya. “Gwiji wa magwiji” wangu amefutwa, na redio pia. Kaongeza kwamba hajasoma habari tamu kama hii mwaka huu, na kwamba bila shaka sasa nimeona umuhimu wa kutafuta vyanzo kwanza.
Nimemjibu kwamba nimeona, tena nimeona sana.
Kisha nikaanzisha ukurasa wa babu, aliyevumbua mwavuli. Vyanzo vitajileta vyenyewe.