Mita Moja ya Kumrefusha Mbuzi

Jumatano, 4 Machi

Zahanati inatafuta gari la kuwapandisha wauguzi hadi kambi ya wavunja kokoto kule mlimani. Kila siku ya kazi, mwaka mzima. Shemeji, kaka wa mke wangu, keshapeleka jina la gari lake. Refu, benchi mbili nyuma, watu kumi wanaenea na bado mtu anapiga miayo bila kumgusa mwenzake. Mimi nina Mbuzi. Ndivyo ninavyoliita gari langu la milimani, maana ni fupi na linapanda popote. Milango miwili. Nyuma wanakaa wawili, wakivumiliana.

Nikasema mezani kwamba na mimi naomba kazi hiyo. Shemeji akauliza kama wauguzi nitawakunja. Watoto wakacheka. Watoto wangu! Wanakula kwake, kwa hiyo wanacheka vichekesho vyake.

Mwaka wa nne huu tunaishi chumba chake cha uani. Baadaye mke wangu akanifuata nje, akasema amechoka kuomba ruhusa hata ya kupika mapema. Nikiipata kazi hii tupange chumba chetu wenyewe. Nisipoipata, yeye atajua la kufanya na watoto wake. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeamka na jibu. Mbuzi atarefushwa. Unakata chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, katikati, unasogeza nusu ya nyuma, unajaza chuma, unachomelea. Nashangaa watu wanavyoishi na magari mafupi miaka yote.

Nilikwenda gereji. Fundi alisema inawezekana, ila chuma kiwe cha unene uleule, mabomba ya breki yabadilishwe, na propela, yaani ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, irefushwe na ipimwe vizuri. Wiki tatu. Na zahanati inayajaribu magari mlimani Jumatano ijayo. Nikamwambia nitamtafuta. Akasema yeye hana haraka, mwenye haraka ni mimi. Watu wa gereji wana dharau.

Jioni nikampata Bwana Mageti, anayechomelea mageti na madirisha nyuma ya soko. Hakuniuliza swali hata moja. Huyo ndiye mtu wa kufanya naye kazi. Amekubali kulipwa tairi la akiba na redio ya gari.

Mke wangu akataka kujua kama nimemuuliza muuguzi mkuu wanataka gari la namna gani. Nikamwambia ukienda kuuliza umeshatangaza mipango yako, na adui ana masikio. Akasema, haya baba watoto. Akaendelea kukunja nguo.

Jumamosi, 7 Machi

Mbuzi amekatwa. Vipande viwili uani, kimoja kinatazama bafu, kingine kinatazama jiko. Shemeji alipita, akasimama, akanipa hongera. Eti sasa nina magari mawili. Kicheko chake kilifika kwa jirani, jirani naye akachungulia. Nimefura tangu asubuhi. Ukikaa kwa mwenzako, hata hasira yako unaimeza na maji.

Nilitaka kuongeza sentimita sitini. Bwana Mageti akasema vyuma vyake vimeshakatwa vya mita mojamoja, maana ndivyo mageti yanavyotaka. Kukikata tena chuma kizima ni kukiharibu. Nikaona ana haki. Tukaongeza mita moja.

Jumatatu, 9 Machi

Mbuzi ni mmoja tena. Ubavuni pengo limezibwa kwa bati, juu kwa turubai. Propela imeungwa kwa bomba la geti. Ukiwasha na kusogea kidogo gari linatetemeka mpaka meno yanagongana, lakini Bwana Mageti anasema litazoea. Kwenye kiungo cha chesisi ameweka ua la chuma, lina majani na kikonyo. Nikamuuliza la nini. Akasema yeye kazi ikiisha huweka ua, mkono umezoea.

Benchi mbili! Watu wanane! Nimekaa kila kiti, kimoja baada ya kingine, nikijifanya muuguzi. Nilimwita mke wangu aje ajaribu. Alisema anafua.

Jumanne, 10 Machi

Kutoka uani kuna kona kati ya bafu na ukuta wa jirani. Zamani Mbuzi alikuwa akiikata huku nimeshika usukani kwa mkono mmoja. Leo nimekwenda mbele, nikarudi nyuma, mbele, nyuma, mpaka jua likawa kichwani. Kumbe gari likirefuka linadai kona pana. Hakuna aliyeniambia. Fundi wa gereji alijua na alinyamaza kwa roho mbaya tu.

Mwishowe nikakanyaga mafuta. Gari likapita, pembe ya bafu ikaanguka. Shemeji alikuwa ndani anaoga. Akatoka na povu masikioni, ndoo ameishika mbele, akasema majaribio ya kesho yakiisha nitafute pa kulala. Watoto wakacheka tena, safari hii wakimcheka mjomba wao. Kwa hiyo siku haikuwa mbaya kabisa.

Mke wangu alizoa matofali bila kuniangalia. Nilitamani anitukane.

Jumatano, 11 Machi

Nimeaibika. Naandika ili nisipasuke.

Muuguzi mkuu alikuja na mwenzake mmoja na sanduku la baridi la chanjo. Watu wawili tu. Mke wangu naye alikuja, akasimama pembeni. Majaribio yalikuwa karibu na kambi, pale njia inapopanda nundu ya mwamba, halafu inashuka ghafla. Shemeji akatangulia, akakataa kubeba mtu kabla hajapima njia. Magurudumu ya mbele yakavuka, ya nyuma hayajafika, tumbo likakaa juu ya mwamba. Gari likabaki linaning'inia. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Watu wa kambi wakalivuta kwa kamba.

Mimi nikalipakia sanduku kabisa, kwa kujiamini. Mbuzi ameivuka nundu ile miaka na miaka. Safari hii alipanda, akakaa kwa tumbo palepale alipokaa mwenzake, kisha nikasikia mlio. Katikati pakapinda. Milango ikakataa kufunguka. Nikatokea dirishani, kichwa mbele. Shemeji hakucheka. Alinishika mikono akanitoa taratibu kama mgonjwa, na hilo limeniuma kuliko vicheko vyake vyote.

Muuguzi mkuu akauliza liko wapi lile gari fupi alilokuwa akiliona sokoni. Ndilo alilolitaka tangu mwanzo, alikuwa anangoja mwenyewe ajitokeze. Nikamwonyesha. Akaliangalia kwa muda, akaliona na lile ua. Akasema, pole baba.

Chanjo hazingoji. Mke wangu akapitisha mikono dirishani, akalitoa sanduku, akajitwisha, akapanda kwa miguu kwenda kambini. Wauguzi wakamfuata. Aliporudi alikuwa na kazi. Magari wameachana nayo, watakwenda kwa miguu, naye atabeba sanduku na kuwakusanya akina mama wa kambi. Mwaka mzima. Kazi yangu ile.

Ijumaa, 13 Machi

Zahanati imempa mke wangu chumba cha wafanyakazi. Vitanda viwili, chake na cha watoto. Nikamwambia tukibanana tunatosha. Akasema kubanana amebanana vya kutosha, na kwa sasa anataka kulala peke yake akiwaza yake. Alisema kwa upole uleule. Kaka yake akawahamisha kwa gari lake refu, barabara ya huku chini haina nundu. Mtoto wa mwisho alinipungia mkono mpaka wakapotea.

Nimelia. Nilikwenda kulilia bafuni, ila kwa kuwa pembe haipo, jirani ameona yote.

Jumapili, 15 Machi

Shemeji amechukua chumba chake. Sikumwomba abadili nia, nina heshima zangu. Nimehamia ndani ya Mbuzi, ambaye watu wa kambi walimkokota wakamwacha chini ya mlima, kando ya njia.

Na hapa niandike jambo ambalo wote waliocheka wangepaswa kulisoma. Nimelala nimenyoosha miguu. Yote miwili! Mbuzi wa zamani angenikunja kama shati. Ile mita moja waliyoidharau ndiyo inayonistiri leo. Sasa mjinga ni nani?

Asubuhi mke wangu alipita. Nikamwonyesha nafasi, turubai, benchi iliyogeuka kitanda, nikamwambia arudi tuishi kwetu, hapa hatuombi ruhusa ya mtu. Alitazama ndani. Akauliza watoto wangelala wapi, akaenda zake bila kungoja jibu.

Lakini ameuliza. Mwanamke asiyetaka kurudi hawezi kuuliza watoto watalala wapi. Nimeshakwenda kuongea na Bwana Mageti. Kesho tunamkata Mbuzi tena, tunaongeza mita moja ya watoto.